Wansi ya Afisa Mafunzo

Mama Mvuke alikuwa amebakiza saa moja tu kazini. Barua ya kumfukuza ilishapigwa chapa, meneja kaishika mkononi, bado sahihi. Kosa lake: kuharibu mashine mpya ya kukaushia mashuka ya hospitali. Siku ya tatu hiyo, mashuka yanatoka yakichuruzika kama mbwa aliyevuka mto.

Mashine ilikuja na vibati vya maelekezo ya Kihispania. Ofisi kuu ikamleta Afisa Mafunzo, kijana wa tai nyembamba, na karatasi ya namba na salamu yenye safu tatu: Kihispania, jinsi Mwingereza anavyokitamka, na maana. Safu ya Kihispania chenyewe aliikunja nyuma, akaibandika selotepu. "Isije ikawachanganya." Basi kila asubuhi wanawake kumi wazima wa chumba cha kufulia wakapiga kwaya: "Unou! Douzi! Treisi!" Mhispania angewasikia angedhani wanaumwa meno.

Kwenye koki ya mvuke paliandikwa: *Abrir once vueltas.*

"Hapa kuna Kiingereza safi," Afisa alitangaza siku ile ya kwanza, kidole kwenye neno *once*. "Wansi! Yaani mara moja. Zungusha mara moja, basi."

Mama Mvuke akazungusha mara moja. Mvuke ukatoka kama pumzi za mgonjwa.

Leo Afisa huyohuyo kasimama ubavuni mwa meneja. "Nilimfundisha vizuri. Kichwa chake ndicho kigumu."

"Mwanangu," Mama Mvuke akamwambia, "Mhispania aandike lugha yake, halafu katikati akuchomekee neno moja la Kiingereza? Alikuwa anakuonea huruma?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Mama, heshimu taaluma!"

Taaluma! Shuleni mama huyu alivishwa kibao shingoni kwa kuomba maji kwa lugha ya mamake. Waliomvisha walishasahau. Yeye hajasahau. Akaiendea karatasi ukutani, akaibandua selotepu kwa kucha, akaikunjua safu iliyofichwa.

"Uno," akasoma. "Dos. Tres." Akageuka. "Kumbe yanasomeka yalivyoandikwa, kama ya kwetu! Sasa kwa Mwingereza tulipitia kufanya nini?"

Kidole kikashuka hadi mstari wa kumi na moja. O, n, c, e. Herufi zilezile za kwenye koki. Pembeni: *kumi na moja*.

Hakuomba ruhusa. Aliishika koki kwa matambara, akaongeza mizunguko kumi, wenzake wakimhesabia kwa sauti. Mashine ikanguruma. Shuka la kwanza likatoka kavu, la moto, limenyooka.

"Ndicho nilichokuwa nataka kusema," Afisa akasema.

Meneja akaichana barua vipande viwili, akavitupa sakafuni. "Haya, mama, yamekwisha. Rudi kazini."

Mama Mvuke akainama, akaviokota, akavikunja na kuvitia kifuani.

"Vya nini tena hivyo?" meneja akauliza.

"Vya siku mtakaposema hamkuwahi kuniandikia."