Picha ya Pasaka

Kwenye fomu ya polisi kulikuwa na visanduku viwili: ametekwa, ametoroka. Afande kijana aliyekaa kwenye kochi langu hakumaliza hata maswali matatu, akatia alama kwenye cha pili.

"Mligombana, mama?"

"Kidogo. Mambo ya nywele."

"Basi atarudi njaa ikimbana. Wa huku huwa wanarudi."

Wa huku. Nimeishi upande huu wa mji miaka hamsini na minane, najua wanatusema akina nani: sisi weusi. Mjukuu wangu Keyonna ana miaka kumi na mitatu. Nimemlea tangu binti yangu afariki, na bado analala na taa inawaka. Lakini kwenye karatasi ya yule kijana alishakuwa mtu mzima aliyejiendea zake. Na kwa aliyetoroka hawatumi ile tahadhari ya mtoto aliyetekwa, inayolia kwenye simu za mji mzima.

Siku ya tatu simu yangu ikapiga ule mlio wa tahadhari, mimi nakoroga maharage. Mwiko ulinidondoka. Nikasoma: Paige fulani, mtoto wa kizungu wa kule ng'ambo ya barabara kuu, miaka kumi na mitatu vilevile. Saa sita mchana helikopta ilikuwa juu, na kesho yake miti ya mtaa wao wote imefungwa utepe wa njano, wa kumngoja arudi. Mtoto wa mwenzio ni wako, na nilimwombea Paige kwa jina, kwa magoti haya mabovu. Ila nitasema kweli: nilimwonea wivu mama yake. Nimechoka kiasi cha kuonea watu wivu msiba wao.

Odessa, tunayesimama naye mlangoni kanisani kupokea waumini, akaja na pakiti ya karatasi kwapani.

"Ernestine, tukiwangoja hawa tutaota mizizi. Lete picha."

Nilikuwa na mbili. Moja Keyonna alijipiga mwenyewe wiki ile ile: rasta nyekundu kama pilipili, miwani, sweta lenye kofia, ulimi nje. Zile rasta ndizo zilizotugombanisha. Nilimwambia anafanana na takataka. Ndiyo, mimi, bibi yake, kwa mdomo huu. Ya pili ni ya Pasaka ya mwaka juzi: gauni jeupe, soksi za lesi, nywele nimezinyoosha mwenyewe jikoni kwa kitana cha moto.

Odessa hakufikiri mara mbili. "Ya Pasaka. Hiyo nyingine wakiiona watasema, 'Aa, kumbe ndo hawa.' Wape mtoto wa watu."

Ndivyo tulivyolelewa. Mama zetu walitufundisha kwamba ukienda mbele ya macho ya wazungu, uende umepigwa pasi. Hata maiti zetu tunazichagulia picha hivyo, gazeti lisije likachagua lenyewe. Nikasema sawa. Tukabandika matangazo mia tatu, kuanzia kanisani mpaka upande wa kusini, mabasi mawili kutoka kwangu. Kituo cha televisheni wakaniambia watanipigia.

Siku ya tisa Paige akapatikana kwa rafiki yake, mzima wa afya. Kumbe naye alitoroka tu. Nilimshukuru Mungu, kisha nikakaa kitako sakafuni nikalia.

Mchana huo nikaenda upande wa kusini kuangalia kama matangazo yangu bado yapo. Kwenye duka moja la kufulia nguo lilikuwapo moja, juu ya mashine ya kukausha. Msimamizi wake, mzee aitwaye Cleophus, alikuwa anakunja mashuka.

"Huyu hujamwona, kaka yangu?"

"Huyu hapana, dada. Labda yule mwingine, wa rasta nyekundu na miwani. Alishinda hapa siku tatu anaota joto la mashine. Nikawa nampa supu."

"Mbona hukupiga simu?"

"Nipige niseme nini? Tangazo linataka wa gauni jeupe." Aliacha shuka. "Tena nilimwonyesha. Nikamuuliza, 'We binti, huyu unamjua?' Akaliangalia weee. Akasema, 'Huyo ndiye wanayemtaka.' Akavuta kofia yake, akaondoka. Juzi hiyo."

Afande alitia alama kabla hajanisikiliza, na televisheni hawakupiga, hilo nitalisema mpaka nife. Lakini hili nililitenda mimi. Mtoto alisimama chini ya tangazo la kumtafuta, akaona bibi yake anamtafuta mwingine.

Nikaenda duka la jirani wakanichapia ile picha nyingine, ulimi nje na kila kitu. Odessa alipopigiwa simu alianza, "Ernestine, watu watasemaje?" nikamwambia wamesema miaka yote, waendelee. Chini ya picha, pale panapoandikwa urefu na uzito, niliandika kwa kalamu nene: Keyonna, ni wewe ninayekutaka. Njoo na nywele zako.

Nimelibandika juu ya ile mashine, la gauni jeupe nimelichana. Nimekaa kwenye kiti alichokuwa anakalia. Cleophus ameniletea bakuli la supu, nimemwomba aweke na la pili.