Mazoezi na Baba Najat

Wiki ile Nalepo alijisikia kutapika kila alipofungua simu. Hakuwa mgonjwa wala mjamzito, ingawa mama yake, nyumbani kwao Ngaramtoni, alishaanza kumwangalia tumbo kwa jicho la pembeni. Kilichomtia kichefuchefu ni video. Kila jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, alikaa jikoni kumtazama jamaa mmoja mwenye meno meupe kupita kiasi aliyefundisha watu namna ya kupita usaili wa umeneja. Jamaa alisema kila lililowahi kukupata maishani lina thamani, mradi ujue kulipanga: tatizo lilikuwa nini, ulitakiwa ufanye nini, ukafanya nini, mwisho ukashindaje. Kushindwa hakukuwemo. Hata ukifiwa, kwa mujibu wa jamaa yule, ilibidi uwe umejifunza uongozi kwenye msiba.

Nalepo alikunja uso, akasonya, na bado akawa anaandika. Kazi aliitaka, tusimtafutie visingizio. Kampuni yao ilikuwa na ofisi mjini, eneo la Themi, ikitengeneza programu ambazo wenye kampuni za utalii huzitumia kupokea wageni na kupanga magari ya mbugani. Meneja wa wahandisi alikuwa ameondoka, na habari zilishazagaa kwamba asipopatikana mtu wa ndani ataletwa wa nje, asiyemjua yeyote, aje afagie. Nalepo alitaka kukikalia kile kiti ili wenzake wasifagiwe. Ndivyo alivyojiambia, na kwa sehemu kubwa ilikuwa kweli.

Aliyemsukuma aombe ni Shabani, mtu wa Levolosi, mkubwa kuliko wote katika timu. Alianza kuandika programu wakati baadhi ya wenzake wako chekechea. Nalepo alipofika pale ametoka chuoni, anajua nadharia tupu, Shabani ndiye aliyemkalisha kando yake akamfundisha kazi mpaka ikamkaa mkononi. Nalepo hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Baba Najat, kwa jina la binti yake wa kwanza, na kila asubuhi alimpa shikamoo yake kabla hajawasha kompyuta.

"Marahaba, mama," Shabani alimjibu siku zote. "Ng'ombe wameamkaje?"

Yeye mwenyewe umeneja hakuutaka. Alisema mikutano inamtia usingizi, ila Nalepo anaweza kukaa na wakubwa akawasemea.

Siku moja kabla ya usaili, mkurugenzi alimwita Nalepo ofisini. Mkurugenzi huyu, Ebenezer, alikuwa mtu wa tabasamu. Alitabasamu akikupa mkono na alitabasamu akikunyima likizo, na manukato yake yalitangulia kuingia chumbani kabla yake.

"Kesho yule mama mwenye hisa atakuuliza kuhusu kumwachisha mtu kazi," alisema. "Lazima aulize. Umewahi kufanya hivyo?"

"Sijawahi, bosi."

"Basi leo tufanye mazoezi. Na usichukue mtu wa hivi hivi. Chukua mtu unayemheshimu, ndiyo utaonja ugumu wake. Mwite Shabani."

Nalepo alikwenda kumwomba Shabani kwa aibu, kama anayekwenda kuazima kitu. Shabani alicheka mpaka akavua miwani.

"Yaani unifukuze kazi? Twende, mama. Nimeshafukuzwa na wakubwa kuliko wewe." Akabeba na kikombe chake cha chai.

Katika chumba cha mikutano Ebenezer alimweleza Nalepo la kusema. Mkataba wa Shabani unaisha mwezi huu, kampuni haitauendeleza, kazi yake haina kasoro ila mwelekeo umebadilika. Nalepo aliona maneno yamesogea karibu mno na mtu mwenyewe, maana mkataba wa Shabani ni kweli ulikuwa unaisha mwezi ule, kama ulivyoisha kila mwaka ukaongezwa bila mjadala. Alipouliza kama hawawezi kutunga mfano mwingine, Ebenezer alisema zoezi likikaribia ukweli ndipo mtu anajifunza. Nalepo akatoka nje, akafunga mlango, akaingia upya.

"Shikamoo, Baba Najat."

"Marahaba."

Ebenezer akagonga meza. "Hapana. Ukishampa shikamoo umejiweka chini yake. Utamwambiaje aondoke? Rudia."

Akarudia. Aliingia amejikaza, na alipokutana na macho ya Shabani ulimi ukateleza, shikamoo ikamtoka tena. Ebenezer alitabasamu kwa subira, akamwonyesha mlango. Shabani mwenyewe ndiye aliyemhurumia.

"Usinisalimie, mama. Jifanye hunijui. Ingia, kaa, sema."

Nalepo akaingia, akakaa, hakusalimia. "Shabani," alisema, na jina hilo, tupu namna ile, lilimwachia ladha mbaya mdomoni. "Nimekuita kwa jambo moja." Akalisema lote. Shabani, ili amsaidie, aliicheza sehemu yake vizuri. Aliinamisha kichwa, akauliza amekosa nini. Akasema Najat yuko mwaka wa mwisho chuoni, na nyumba nzima inamtegemea yeye.

"Naelewa," Nalepo alisema kwa ile sauti ya utulivu ya kwenye video. "Lakini huu si uamuzi juu yako. Ni uamuzi juu ya nafasi."

Shabani akainua mikono. "Hapo umenimaliza. Sina la kujibu." Akacheka, akampigia makofi.

Ebenezer hakupiga makofi. "Safi sana, Nalepo," alisema, akimpa mkono. "Na wewe Shabani, nakushukuru umelipokea kiungwana. Maana hayo aliyokwambia ndiyo yenyewe. Nimehangaika wiki nzima natafuta namna ya kukwambia, nikaona afadhali ulisikie kwa mtu unayempenda."

Shabani alikuwa bado na kicheko usoni, hakijapata pa kwenda. "Zoezi linaendelea?" aliuliza.

"Hapana. Limekwisha."

Nalepo alikimbilia chooni akatapika. Alisukutua mdomo, akasukutua tena. Manukato ya Ebenezer yalikuwa yamemng'ang'ania kwenye mkono aliompa, akausugua kwa sabuni mpaka ukawasha. Alimchukia yule mtu kwa chuki ya mwili, ya kumwona kama kitu kilichooza. Ila kilichomtia kinyaa zaidi kilikuwa chake mwenyewe: alikuwa amesema vizuri. Katikati ya yale maneno, alipoona Shabani amekosa jibu, alifurahi kwamba anaweza.

Alimkuta Shabani mezani kwake anakunja waya wa chaja.

"Baba Najat, haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua ungetetemeka." Hakumtazama. "Sikiliza. Kesho usiende ukaharibu kwa ajili yangu. Mimi sirudi hata ukilia. Ukikosa wewe, hawa watoto waliobaki wanaletewa mtu wa nje."

Usiku ule Nalepo hakutazama video. Alikuwa ameamua atasema kweli, yote, mbele ya Ebenezer mwenyewe, liwalo na liwe.

Na alisema. Yule mama mwenye hisa, mzungu mmoja mwenye mvi, alimuuliza kutoka kwenye skrini lile lile swali, na Nalepo akaeleza alivyomwachisha kazi mwalimu wake bila kujua, na jinsi mkurugenzi huyu aliyekaa hapa alivyowadanganya wote wawili. Alisema huku akisubiri uso wa yule mama ubadilike. Haukubadilika. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa upande, akiandika.

"Naye alilipokeaje?" aliuliza.

"Kwa heshima."

"Hilo linaeleza mengi juu yako," yule mama alisema, na alionekana kuguswa kweli. "Wengi, hata wakijua wanachofanya, wanaharibu. Wewe hukujua, na bado mtu ametoka na heshima yake. Na ujasiri wa kutueleza hivi."

Ebenezer akaitikia kwa kichwa, anatabasamu. Kabla ya saa sita mchana Nalepo alikuwa amepewa kazi. Msomaji angependa kusikia aliikataa. Hakuikataa. Alishukuru, akapewa mkono, akaenda tena kunawa.

Jumamosi alikwenda Levolosi. Siwema, mke wa Shabani, alimkaribisha kwa maneno machache, akamwekea chai akarudi ndani. Shabani alikuwa sebuleni na kompyuta mapajani, amevaa shati la kazini ingawa hakukuwa na kazi. Nalepo alimpa shikamoo, akaitikiwa. Alikuwa amepanga kuomba radhi kwa kirefu, lakini Shabani hakumpa nafasi.

"Nimeona tangazo la kampuni moja Dar," alisema. "Wanataka jina la meneja wa mwisho, wampigie. Nimekuandika wewe. Si ndiye wewe?"

"Ndiye mimi," Nalepo alisema.

"Wakipiga utapokea?"

"Nitapokea."

"Basi nifanyie mazoezi kidogo. Miaka mingi sijasailiwa, nimesahau wanauliza nini. Anza na lile wanaloanza nalo."

Nalepo alilijua. Angependa liwe jingine lolote. Siwema alikuwa amesimama kwenye pazia la mlango, na chai ilikuwa ikipoa bila mnywaji.

"Kwa nini uliacha kazi yako ya mwisho?" aliuliza.

Shabani akaiweka kompyuta kando. Alinyoosha kola, akakaa wima, kisha akatoa tabasamu ambalo Nalepo hakuwahi kuliona kwake tangu amfahamu, meno yote nje.

"Niliamua mwenyewe," alisema. "Tuliachana vizuri sana. Niliona ni wakati wa kutafuta changamoto mpya." Akasubiri. Siwema akageuka akaondoka. "Imekaaje, meneja?" Hakusema kwa utani.



"Imekaa vizuri," Nalepo alisema. "Ila ukifika kwenye 'niliamua', usiangalie chini. Rudia."