Filamu Iliyokatwa Kola

Daktari wa picha hakumtazama mama usoni. Alikuwa akitazama skrini. Ndani ya titi la kushoto vidoti vyeupe vilikuwa vimesongamana mahali pamoja, kama unga uliomponyoka mtu kwenye kitambaa cheusi.

"Hizi ni chembe za chokaa, mama. Wanawake wengi wanazo. Zile kubwa, za mviringo, zilizotawanyika, huwa hazinisumbui. Hizi ni ndogo, hazifanani, na zimejazana."

"Ni kansa?"

"Sijui bado. Uliwahi kupigwa picha nyingine?"

"Miaka minne nyuma. Nikaambiwa niko salama."

"Niletee. Kama chembe zilikuwapo na hazijabadilika, ninaweza kusubiri. Kama ni mpya, nitaingiza sindano nitoe nyama kidogo tuipime."

Tulishika njia kwenda kwenye duka letu la ushonaji. Mama alinishika mkono kwa nguvu kana kwamba mimi, bintiye, ndiye niliyekuwa mgonjwa.

Dukani, baba alikuwa ameinamia cherehani. Wateja humwita Chaki, maana hana mfuko usio na chaki. Yeye na mama wamechangia meza moja ya kukatia tangu kabla sijazaliwa.

"Bahasha ya picha zangu za hospitali iko wapi?" mama aliuliza.

Mguu wa baba ukaganda kwenye kanyagio. "Ile ya kaki?"

"Nimekuuliza iko wapi."

Macho yake yakakimbilia ukutani. Pale kwenye msumari hutundikwa maumbo anayokatia nguo: mifuko, mikono, kola. Ya karatasi hayapendi, yanachakaa. Filamu ya eksirei haikunjiki, na chaki hufuata ukingo wake bila kuyumba. Kwa hiyo majirani humletea zao kuukuu.

"Umenikata," mama alisema polepole.

"Mama watoto, si walisema uko salama? Nikaona inakaa bure..."

"Umelikata titi langu kola, mwanamume wewe! Nusu ya mtaa wanatembea na titi langu shingoni!"

Siku nyingine ningecheka. Mteja aliyekuja kuchukua suruali yake aligeuka mlangoni na kuondoka kimya kimya.

Baba aliyashusha maumbo yote. Tukayainua moja moja kwenye mwanga. Goti la mtu. Mbavu za mtu. Kisha kola ya mtu mzima na kola ya mtoto, zote na ukungu wa titi ndani yake. Tulipoziweka pamoja mezani, katikati likabaki pengo.

"Na hapa?"

"Mabaki nilitupa," baba alisema. Hakuthubutu kuinua kichwa.

Kama mahali pa zile chembe palikuwa kwenye mabaki, basi hatukuwa na kitu.

Tulirudi hospitali sote watatu, baba na futi yake ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Daktari alipanga kola juu ya sanduku la taa, akaziunganisha kingo, akachukua lenzi.

"Nani amekata hivi?"

"Fundi," baba alijibu kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu.

Lenzi ilipita, ikarudi, ikasimama. Nilisikia feni ikizunguka.

"Mkasi umepita kando tu. Mahali penyewe pamo kwenye kola kubwa."

Baba alishusha pumzi. Mama bado alikuwa ameibana yake. "Na chembe?"

"Hapana chembe hata moja. Palikuwa safi." Daktari alizima taa ya sanduku. "Kwa hiyo hizi ni mpya, mama. Hiyo si hukumu. Wengi tunaowachoma tunakuta hawana kansa. Lakini kusubiri, sisubiri."

"Leo?"

"Leo hii, ukikubali."

Baba alifungua mdomo. "Mke wangu, naomba..."

"Usiniombe kitu sasa hivi. Shika hii." Mama alivua blauzi nyuma ya pazia na kuipitisha pembeni. "Na usikatekate chochote cha watu huko nje."

Tukatoka, mlango ukafungwa. Baba alikaa kwenye benchi, blauzi mapajani. Alikuwa ameishona mwenyewe. Kidole chake kilifuata ukingo wa kola, kikafika mwisho, kikaanza upya, naye hakuondoa macho mlangoni.