Spana Yenye Sikupima

"Wewe ulipiga shingo! Shingo, Ouma! Mimi ndio nilikuwa nimeshika kamba, niliona!"

"Shingo gani? Wakhisi, omera, ndugu yangu, miaka kumi na nane napiga nyundo, nikuje kupiga shingo juzi? Mimi ni mtoto?"

"Basi ilikatika kwa nini? Ilichoka maisha?"

"Uliza spana yako! Mimi usiniulize!"

Hiyo ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, Kaloleni ya Kisumu. Nyumba ya Khocha Wakhisi ni rumu mbili, na majirani wote walikuwa wamezima redio ndio waskie vizuri. Khocha ni vile sisi Wabukusu tunaita ndugu ya mama. Alikuwa amekaa kwa kochi, mguu ya kushoto iko juu ya stuli, plasta mpaka kwa goti. Ouma alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia kwa mkono, hakuna mtu amemwambia akae. Ouma, mwenye alikuwa ananibeba kwa mabega nikiwa darasa la pili. Kwa hiyo nyumba kuna kiti moja ya mbao yenye kila mtu anajua ni ya Ouma. Siku hiyo nilikuwa nimeikalia mimi. Sijui kwa nini sikutoka. Nilikuwa naangalia simu yenye haikuwa hata na chaji.

Kwa meza kulikuwa na ile spana, vipande mbili.

Wacha nieleze kazi yao kidogo, kwa sababu bila hiyo huwezi jua vile nilifanya ubaya. Hawa wazee hufungua bolti kubwa. Krasha za kuponda mawe, pampu za mashamba ya mpunga, vitu kama hizo. Nati ya sitini na tano ukiishika inajaza mkono. Hiyo huwezi fungua na spana ya garaji, utacheka. Unatumia spana ya kugonga, fupi, nene, huku mbele iko na ringi ya kuingia kwa nati, huku nyuma iko na kisigino, hapo katikati ndio shingo. Mtu mmoja anaishikilia na kamba, mwingine anapiga kisigino na nyundo ya kilo saba. Khocha hushika, Ouma hupiga. Ni hivyo tangu nikiwa mtoto. Sasa ukiambia mpiga nyundo ati alipiga shingo badala ya kisigino, umemwambia hajui kazi. Na hapa ilikuwa ni kumwambia pia, wewe ndio ulinivunja mguu. Kwa sababu Alhamisi, kwa kware moja ya kuchimba mawe huko juu ya Katito, spana ilipasuka na kipande ikaruka mpaka kwa mfupa ya Khocha. Niliskia hiyo sauti. Sitaki kuiongelea.

"Mimi nimeskia kwa watu huko Kibuye," Ouma akasema, na saa hii sauti ilikuwa imeshuka, hiyo ikawa mbaya zaidi. "Watu wananiuliza, ati Wakhisi amekufuta? Nikasema aa, Wakhisi angekuja kwangu kwanza. Ni ukweli ulipigia Arvind?"

Arvind ndio mwenye hiyo kware. Na ni yeye hupeleka jina ya fundi kwa wenye makrasha wengine.

"Nilimpigia," Khocha akasema. "Jumatatu kazi itaendelea na mpiga nyundo mwingine."

"Yawa! Sasa ni nani hii Kisumu mzima atanipatia nyundo tena? Si umenizika?"

"Ningefanya nini? Spana ilikuwa mpya! Cliff ndio aliichagua." Khocha akaninyoshea kidole na, Mungu wangu, alikuwa anajivuna. "Huyu kijana si wa kubahatisha. Amemaliza form four, physics alipata B. Nilimwambia apime, akapima, ikalia. Cliff, si ililia?"

Wote wakaniangalia.

"Ililia," nikasema.

Kupima ni hivi. Unafunga spana na kamba, inaning'inia, haigusi kitu, halafu unaigonga na chuma ndogo. Kama ni chuma ya kufuliwa kwa moto, inalia ngeeee, inaendelea mpaka unaboeka kungojea iishe. Kama ni ya kumwagwa kwa moldi kama sufuria, ama iko na ufa ndani, inasema ko. Basi, imenyamaza. Khocha hajui kusoma vizuri lakini maskio yake haijawahi kosa. Na ukitumwa spana, lazima urudi na sauti yake kwa mdomo. Unaigiza vile ililia, na wazee wanafunga macho kukuskiza. Najua inakaa mchezo. Ndio shida yenyewe, mimi niliona ni mchezo.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimeenda kwa duka ya mzee Satwant. Satwant na kilemba yake ya bluu anajua wateja wake, ndio maana amepiga msumari kwa mbao juu ya kaunta na kamba ya katani inaning'inia hapo, ya mafundi kupimia. Nikaingia, nikapata kwa kaunta ni Lornah. Tulikuwa class moja. Sasa yeye ako na kazi, ako na beji na jina yake imeandikwa, kucha imepakwa rangi. Mimi niko na ovaroli ya Khocha imekunjwa miguu. Nikamwambia hii kazi ni ya kushikilia tu, nangojea kuitwa chuo.

Mbele yangu kulikuwa na mzee moja wa ovaroli imeraruka kwa makalio. Akaning'iniza spana yake, akaigonga, akafunga macho kabisa kama mtu anaombea chakula. Lornah akaniangalia, akashika mdomo. Tukacheka. Nakuambia ukweli, mimi ndio nilicheka sana.

Halafu ikafika zamu yangu. Lornah akaweka spana mbili tofauti kwa kaunta, zote sitini na tano, bei ni ile ile. Moja ilikuwa nyeusi, nzito, sura mbaya, kisigino imepigwa na watu mpaka imekuwa kama uyoga. Ati ilitolewa kwa meli ya zamani. Ingine ilikuwa mpya, inang'aa, iko na stika na maandishi mengi.

"Na wewe utaomba?" Lornah akaniuliza.

Ile kamba ilikuwa hapa, karibu na pua yangu.

"Zii," nikasema. "Mimi nasoma maandishi."

Nikashika ile ya kung'aa, nikasoma kwa sauti, nikatikisa kichwa kama injinia. Nikaitisha na ya sabini na tano, ya hiyo hiyo kampuni. Yule mzee alikuwa bado anafunga mzigo yake, akasema pole pole, "Kijana, si upime tu, ni dakika moja." Nikamwambia iko sawa mzee, usijali.

Ndani ya gari ya Katito nilikuwa nafanya mazoezi. Ngeeee. Kwa roho, halafu kidogo kwa mdomo. Mama mwenye tulikuwa tumekaa naye akanisongea mbali.

Kufika, krasha imesimama, malori saba yanangoja, Arvind anapiga kelele, Khocha ako chini ya mashine mafuta mpaka kwa nyusi. Siku ingine angeining'iniza tena yeye mwenyewe. Siku hiyo alitoa tu kichwa.

"Ililia aje?"

"Ngeeee," nikasema, nikaivuta, ndefu kabisa.

Akafunga macho. Akacheka. "Eeh! Hiyo sasa ni chuma. Ouma, kuja."

Ouma alipiga tatu. Ya nne haikumaliza.

Sasa tukiwa hapo kwa nyumba, na mimi nimesema tena ililia, Ouma akavaa kofia, nikafikiria anaenda. Nilitaka aende. Akaivua tena.

"Alinunua mbili," akasema. "Ile ingine iko wapi?"

"Chini ya kitanda," Khocha akasema. "Cliff, ilete. Na kamba. Wacha huyu mtu askie na maskio yake, halafu aniache na mguu yangu."

Niliingia rumu ya ndani. Nangila, bibi ya Khocha, alikuwa amekaa kwa kitanda anakunja nguo zenye alikuwa ameshakunja.

"Kuna nini?" akaniuliza.

"Hakuna kitu."

"Cliff."

Nikainama nikavuta spana. Kilo nne hivi. Dirisha iko na vyuma, niliangalia.

Khocha aliifunga mwenyewe, hakutaka mtu amguzie. Ouma akashika kamba, akainua mkono mbele yake, spana ikaning'inia hapo katikati yao wawili, na huo mkono haukutingika hata kidogo. Ambia mtu yeyote ashike kilo nne hivyo. Khocha akachukua spana ndogo, akainama kutoka kwa kochi, akagonga.

Ko.

Huko kwa jirani mtoto alianza kulia, akanyamazishwa.

Khocha akagonga tena. Ko.

"Ni kamba," akasema. "Hii kamba ni mbichi. Nangila, si ulianikia nayo nguo? Kamba ikiwa na maji spana hailii. Lete ingine."

Nangila akaleta kamba ingine, ya manila, kavu. Khocha akafungua, akafunga upya. Vidole yake ni nene, ilichukua muda. Ouma akangoja. Akainua.

Ko.

"Labda ni baridi, ilikaa huko chini kwa sakafu," Khocha akasema. "Chuma pia huskia baridi. Ama kwa gari ilianguka, eh Cliff? Konda aliirusha kwa buti, hao makonda wanarusha mizigo kama... eh? Si aliirusha?"

Alikuwa ananitafutia mlango. Huyo mzee mguu yake imevunjika, rafiki yake wa miaka kumi na nane amesimama mbele yake kama mwizi, na yeye anatafuta vile mimi sitakuwa na makosa. Nikaangalia Ouma. Yeye alikuwa amejua. Alijua kwa ile ko ya kwanza. Lakini hakusema, aliangalia tu malapa zake, kama mtu amepata mwingine akioga.

Hapo ndio nilishindwa.

"Khocha, sikupima."

"Nini?"

"Sikupima. Hata hiyo, hata ile ingine."

Khocha akaweka spana ndogo chini, pole pole, kwa mkeka. "Satwant aliondoa kamba?"

"Kamba ilikuwa."

"Kulikuwa na watu wengi wamejaza duka?"

"Kulikuwa na mzee moja tu. Na Lornah, tulikuwa class moja, anauza hapo."

"Huyo Lornah alikukataza?"

"Hapana."

"Sasa?"

Unajua kuna kitu ukiwa nayo kwa kichwa inakaa kama sababu. Ukiitoa nje, watu wakiskia, inakuwa kitu ndogo, inanuka. Nilitafuta namna ingine ya kuisema, nikakosa.

"Niliona nikianza kufunga kamba na kugonga na kufunga macho, nitakaa kama..."

Nangila alikuwa amesimama kwa pazia.

"Kama nani?" akauliza.

Kwa hiyo nyumba kuna watu wawili tu wenye hufunga macho hivyo, na wote walikuwa mbele yangu.

"Kama mimi," Khocha akasema. Hakuwa ananiuliza.

Ningependa angenipiga. Mkono yake ungenifikia, nilikuwa karibu. Alipapasa tu plasta, juu na chini, kama inawasha.

"Na ile sauti uliniletea?"

"Niliitunga kwa gari."

"Ilikuwa nzuri," akasema. "Ilikuwa nzuri sana. Niliiamini."

Ouma akateremsha spana chini bila kelele. Mimi nikasimama, nikatoka kwa hiyo kiti, nikaisukuma mpaka kwake. Hakuikalia. Akaishika tu kwa mgongo.

"Kaa, Ouma," Khocha akasema. Hakuwa anaweza kumwangalia. "Nilikusema vibaya kwa Arvind."

"Umenisema kwa ploti mzima, omera. Hata huyo mtoto wa jirani sasa anajua nimepiga shingo."

"Nitampigia Arvind saa hii."

"Mimi ndio nitaenda," nikasema. "Nitaenda nimwambie mwenyewe."

Nikaona Khocha anataka kusema hapana, anataka tena kunifichia. Alianza kufungua mdomo, halafu akaangalia Ouma, akaifunga.

"Jumamosi Arvind huwa kwa ofisi yake ya tauni," akasema. "Mpaka saa saba."

Ile ya sabini na tano nikaitia ndani ya gunia, na ile iliyokatika pia, vipande zote mbili, ndio akiuliza nisianze kueleza na maneno. Gunia ikanivuta bega. Kutoka Kaloleni mpaka hiyo ofisi kuna watu wananijua njia yote, na duka ya Satwant iko kwa hiyo njia, na Lornah huwa anakaa akiangalia barabara.

Nangila akasema nikunywe chai kwanza. Nikamwambia nitakunywa nikirudi.

Nilipofika kwa mlango niliskia kiti inalia nyuma yangu, Ouma amekaa. Sikugeuka. Hiyo mlango ya Khocha imeshuka upande, haifungi mpaka uiinue na mkono mbili. Nikaweka gunia chini nje, nikaishika, nikainua, nikafunga.