Tangazo la Mwokaji Aliyechoka

Darasa zima lilimwita Shangazi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na undugu naye. Aliwapita wenzake umri kwa mbali. Siku ya kwanza mmoja wao aliangusha kifuniko cha kamera, naye akamwambia, "Okota hiyo, mwanangu, kabla haijakanyagwa." Jina likamganda tangu hapo. Asubuhi alikuwa akifua mashuka ya hospitali, mchana anakuja chuoni kujifunza kupiga picha, kuhariri video na kubuni mabango. Aliingia darasani vidole vikiwa bado vimenyauka kwa maji ya sabuni, na kompyuta ikichelewa kuwaka kidogo tu, tayari amesinzia.

Muhula ule walipewa kazi moja ya vitendo. Kila kundi limtafute mfanyabiashara, limsikilize anataka nini, kisha limtengenezee tangazo la video na bango la mlangoni.

"Nataka mtu wa kweli," mwalimu alisema. "Mkibuni mteja, hatawagombeza, na msipogombezwa hamtajifunza kitu."

Shangazi alipangwa na kijana waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Redio alikuwa na jicho zuri la kamera na moyo mwepesi, ila akishika jambo hulishika kwa meno. Ni yeye aliyependekeza duka la mikate lililo nyuma ya chuo, na Shangazi akakubali kwa sababu lilikuwa karibu. Miguu yake haikutaka safari.

Mwokaji aliwapokea huku anakanda unga. Alikuwa mzee mnene, mabega yameinama mbele, nyusi nyeupe, isijulikane ni mvi au ni unga. Mkewe alikuwa kaunta akipanga mikate.

"Tangazo nalitaka," mzee alisema. "Nafunga duka mwisho wa mwezi. Waambieni watu wasije wakagonga mlango bure."

Redio aliduwaa. "Unafunga? Kwa nini, mzee?"

"Nimechoka."

"Biashara imekuwa mbaya?"

"Nimekwambia nimechoka," mzee alirudia, akaligeuza donge la unga na kulipiga ngumi.

Walipiga picha mchana ule wote. Redio alizunguka na kamera kama nyuki: mara tanuri, mara mikono ya mzee, mara mzee ameegemea meza anajifuta jasho. Shangazi alishika maikrofoni mpaka bega likafa ganzi. Waliporudi chuoni kuhariri, aliketi kando ya Redio, akamwona anaanza kuunganisha vipande, kisha hakuona tena kitu. Alipozinduka shavu lilikuwa juu ya meza, na Redio anafunga kompyuta kwa furaha.

"Tayari, Shangazi. Nimeshairusha mitandaoni. Ulilala vizuri sana, nikaona nisikuvuruge."

Kesho yake, akitoka kwenye mashuka, aliiona foleni kabla ya kuliona duka. Watu walikuwa wamejipanga hadi kona. Mwanamke mmoja mbele yake alimwonyesha simu. "Umeiona hii? Inatia huruma!" Mzee alikuwa pale kwenye kioo cha simu, ameegemea meza, anajifuta uso, na kwa jinsi kipande kilivyokatwa ungeapa kwamba ni machozi. Kinanda cha huzuni kilikuwa kinalia nyuma yake. Chini yake maneno yalipita: *Duka la mzee wetu linakufa. Tusimwache peke yake.*

 Shangazi aliupita umati, akaingia kwa mlango wa nyuma.

Mwokaji alikuwa amekaa juu ya gunia la unga, viatu kavivua, nyayo zimevimba. Tanuri lilikuwa limejaa. Meza ilikuwa imejaa. Nje mtu alipaza sauti, "Usikate tamaa, mzee! Tuko pamoja nawe!"

"Unawasikia?" mzee aliuliza kwa sauti ndogo. "Kila mmoja ananishika mkono, ananipa pole. Bibi mmoja amelia hapa hapa kaunta. Nimefiwa na nani mimi?"

Mkewe alimgeukia Shangazi, mkono kiunoni. "Ninyi tuliwaambia nini, na mmekwenda kusema nini? Mume wangu hajafilisika. Hakuna anayemdai, hakuna anayemfukuza. Amekuwa akiamka usiku watu wamelala tangu nikiwa msichana, na sasa anataka kulala. Basi! Hilo nalo ni gumu kuelewa?"

"Si gumu, mama," Shangazi alisema, kwa kuwa kwake halikuwa gumu hata kidogo. "Mnisamehe. Tutalirekebisha."

Alivua mkoba, akafunga aproni, akatoa mikate tanurini mpaka foleni ikaisha. Ndipo akaenda chuoni, mwili umemlegea kama nguo iliyokamuliwa.

Redio hakutaka hata kusikia. "Nifute? Shangazi, hiyo video imetazamwa kuliko kazi zote za darasa hili tangu tuanze! Watu wamejaa pale, na wewe unasema tumeharibu?"

"Umemtia chumvi mpaka ameshindwa kulika."

"Nimemsaidia!"

"Alikuomba msaada?"

 Redio akasema waende kwa mwalimu, mwalimu aamue. Walimkuta mwalimu ofisini, ameshika tama mbele ya rundo la mabango yaliyopinda. Aliwasikiliza wote wawili bila kuwakatiza. Redio alieleza kwa urefu na upana, na Shangazi kwa sentensi mbili.

"Mteja aliagiza nini?" mwalimu aliuliza.

"Tangazo la kufunga," Redio alisema, akitazama viatu vyake.

"Na wewe umempelekea nini?"

 Redio alitoa simu mfukoni, akaifuta video ile palepale, uso umemjaa uchungu kama mtu anayejing'oa jino.

Walirudi dukani siku iliyofuata. Redio aliomba radhi kwa maneno mengi, mke wa mzee akamkatiza: "Yatosha, mwanangu, unga unaumuka." Safari hii Shangazi alishika kamera. Aliiweka juu ya stendi, akamkalisha mzee kwenye kiti cha kawaida, akamwambia aseme alivyosema siku ile ya kwanza. Hawakuweka kinanda.

"Sijafilisika wala siumwi," mzee aliiambia kamera. "Nimechoka. Kazi hii nimeipenda, na nimeichoka pia. Mwisho wa mwezi tunafunga. Msinipe pole. Niambieni nilale salama."

Bango walilibishania zaidi. Redio alitaka moyo uliopasuka, kisha akataka angalau jua linalotua. Shangazi alifuta kimoja baada ya kingine mpaka yakabaki maneno manene meusi juu ya karatasi ya rangi ya ukoko wa mkate: *Tunafunga. Tumechoka. Asanteni.* Redio aliliangalia sana. "Ni kavu," alisema. Baadaye akaongeza kwamba herufi zimekaa vizuri.

Siku ya kuonyesha kazi, wateja wote walialikwa darasani. Mwokaji alikuja na mkewe, duka likiwa limekwisha kufungwa, wamevaa nguo zao nzuri, wakaketishwa mbele. Taa zilizimwa. Yalipita matangazo ya saluni, ya gereji, ya duka la vioo. Zamu ya Shangazi na Redio ilipofika, sauti ya mzee ilijaza chumba, na chini yake ikasikika sauti nyingine, nzito, ya polepole. Mzee alikuwa anakoroma.

Wanafunzi walianza kucheka. Mkewe aliinua kiwiko amgutushe.

"Mwache, mama," Shangazi alimnong'oneza.

Mwalimu hakuwasha taa. Aliuliza maswali yake gizani, Redio akayajibu kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, na Shangazi akavuta kiti cha nyuma, akakaa, akanyoosha miguu.