Kaseti ya Mzee Hezekiah

Mwalimu Kagure alipobonyeza kitufe, baba yake akaimba kwa sauti ya kifaranga.

Alirudisha kaseti nyuma, akajaribu tena. Ni yule yule Mzee Hezekiah, mwenye sauti nzito kama ya fahali, lakini sasa akilia kwa sauti nyembamba na ya haraka hata neno moja halishikiki.

Mzee alikuwa amebeba mizigo ya wapanda Mlima Kenya tangu ujana wake, mpaka magoti yakakataa. Mwaka ule wa sabini na sita alitaka kuuona mlima mara ya mwisho, na Kagure, aliyekuwa akifundisha shule ya Giakanja, akafuatana naye wakati wa likizo, kinasa sauti chake kipya kikiwa mkobani. Wapagazi walikuwa na wimbo wao wa kukisalimu kilele, na Kagure hakuwahi kuusikia. Lakini walipofika kibanda cha juu, kichwa kilimuuma hata asiweze kuinuka. Alfajiri baba yake akatoka peke yake na kile kinasa, nyasi zote zikiwa nyeupe kwa barafu, akaimba huko nje.

"Niimbie tena hapa nyumbani, Baba," Kagure aliomba.

"Ule wimbo ni wa kule. Hapa nitamwimbia nani, ng'ombe?"

Basi Kagure akateremka Nyeri mjini kwa Jumaa, fundi wa redio. Jumaa alisikiliza, akacheka, kisha akarudisha utepe nyuma na kusikiliza tena.

"Mwalimu, huko juu kulikuwa na baridi ya namna gani?"

"Maji ya kunywa yaliganda ndani ya sufuria."

"Na hii kitu ililala wapi?"

"Dirishani."

Jumaa akafungua kifuniko cha nyuma. "Betri ikishikwa na baridi inapoteza nguvu. Na mafuta ya mota yanakuwa mazito kama samli ya asubuhi. Kwa hivyo utepe ulikuwa unatembea polepole wakati mzee anaimba. Sasa hapa kuna joto, unakimbia, na mzee anakimbia nao."

Alijaribu kuuzuia utepe kwa kidole. Sauti ikayumba kama ya mlevi. Akazungusha skrubu ya kupunguza mwendo wa mota mpaka ikafika mwisho. Sauti ikashuka kidogo tu.

"Na tukiirudisha kwenye baridi?" Kagure akauliza.

Jumaa akaweka bisibisi chini. "Mwalimu, hiyo sijawahi kujaribu! Lakini hatupandi mlima. Twende kwa Muriithi."

Muriithi alikuwa mwenye bucha kubwa karibu na soko, na nyuma alikuwa na chumba cha kugandisha nyama. Alidhani wanamtania.

"Ati mnataka kuweka redio pamoja na mbuzi wangu?"

Hata hivyo alifungua, kwa sababu na yeye alitaka kuona. Waliiacha humo asubuhi nzima, na betri zake zile zile za mlimani. Mchana wakaingia wote watatu, Muriithi amewaazima makoti yake ya kazi. Plastiki ilikuwa baridi hata inauma vidole. Kagure akabonyeza.

Kwanza kifaranga. Kisha betri zikaanza kuzidiwa na baridi, na sauti ikaanza kuteremka, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi. Ikawa ya mtoto, ikawa ya kijana, na ghafla Mzee Hezekiah alikuwa pale katikati ya nyama zilizoning'inia, akiimba kwa Kigikuyu.

"Ni yeye!" Kagure alinong'ona.

Kila ubeti ulimwita mpagazi mmoja kwa jina na kumwambia mlima kwamba huyu naye alifika. Theuri. Wamae. Kihara. Wa mwisho akaitwa Watiri, aliyebeba viazi na kuni mpaka msitu unapoishia, akawashinda wanaume kwa mwendo. Kisha sauti ikazama, ikawa ngurumo, na mota ikasimama.

"Watiri ni nani?" Jumaa akauliza, meno yakigongana.

"Ni mama yangu," Kagure akasema. "Lakini mama hajawahi kupanda mlima."

Jioni hiyo alimkuta mama yake jikoni akimenya ndizi, akamweleza alichosikia kule kwenye baridi ya bucha.

"Kwani ulidhani mimi na baba yako tulikutana kanisani?" Mama Watiri akasema, akaanza kucheka mpaka akaweka kisu chini. "Alikuwa nyuma yangu siku nzima, akiniomba nipunguze mwendo. Hiyo ameiimba?"

"Ameiimba."

"Mbele ya mlima?"

"Mbele ya mlima."

Kesho yake Mama Watiri alishuka mjini amevaa sweta mbili na kitambaa kizito kichwani, akawa anauliza watu sokoni bucha ya Muriithi iko wapi.