Gitaa la Chumbani kwa Kinyozi

Kinyozi mmoja alikuwa na ugonjwa wake: nyimbo za gitaa tupu, zile za zamani zisizo na mwimbaji. Alizipiga tangu ujana, na sasa alitaka kuzirekodi kabla vidole havijamsusa. Baridi yabisi ilishaviingia. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto ndiyo hivyo tena, kilibaki pambo tu.

Studio ilikuwa chumba cha kulala. Godoro lilisimamishwa dirishani, kabati likaachwa wazi ili nguo zimeze mwangwi, friji ikazimwa kwa ajili ya mngurumo wake. Maziwa yakachacha, mkewe akavumilia. Shemeji yake, yaani kaka wa huyo mke, alikaa kitandani na kompyuta mapajani, kazi yake kusema, "Rudia, shem." Naye akarudia. Kila palipotakiwa kidole cha mwisho alitelezesha cha pete, na sauti ikafika imechelewa kidogo, kama mgeni aliyepanda ngazi. Hakuona haya. Ndivyo alivyokuwa, na alitaka wajukuu wamsikie hivyo hivyo.

Walipomaliza, akaliegesha gitaa, akavipumzisha vidole. Shemeji alikaa na kazi ile mpaka ikaanza kusahaulika, ndipo akaileta.

"Nimeisafisha tu," akasema.

Kesho yake kinyozi akaifungulia dukani. Mteja mwenye povu nusu ya uso akauliza ni nani huyo anayepiga. Basi bwana, kichwa kikamvimba.

"Ni mimi," akasema.

Halafu ikapita ile sauti ya kidole cha mwisho. Ilipita safi, kwa wakati wake. Wembe ukasimama hewani. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akatazama kidole chake. Wapi! Kidole kile hakijanyanyuka siku nyingi. Alimaliza ndevu za mteja, maana mtu haachwi nusu, kisha akafunga duka.

Nyumbani aliwakuta ndugu hao wawili jikoni.

"Nani kapiga?"

Shemeji akajikohoza. "Rafiki yangu mmoja. Ulikuwa unayumba, shem. Sikutaka watu wakucheke."

"Za kwangu ziko wapi?"

"Nilizifuta. Kompyuta ilijaa."

Kinyozi akamgeukia mkewe, akingoja amfokee kaka yake. Mke aliinamia sinia la mchele, akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

"Nilijua," akasema. "Ulifurahi mno, mume wangu. Ningekuambiaje?"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; hawakusema ukishajua ujikune wapi. Ya shemeji yangemezeka, kwani shemeji ni mtu wa kuja na kuondoka. Lakini huyu alimwona jana yake jioni akijisifu, akamwachia ajisifu. Ilimuuma kuliko kufutwa kwenyewe.

"Tutarudia," shemeji akasema. "Hata leo."

Kinyozi akampita. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akashika gitaa. Kidole cha pete nacho kilikataa kukunjika. Akakilazimisha kwa mkono wa pili, akakibana juu ya waya, akapiga. Ikatoka sauti iliyokufa, ya kukwaruza.

"Nzuri hiyo, mume wangu," mkewe akasema kutoka nje ya mlango.